Wikiendi Dodoma kwa treni ukiwa na watoto wadogo

Kutoka Dar es Salaam hadi Dodoma kwa treni ya umeme ni kama masaa manne, pungua kidogo au zidi kidogo kutegemea treni uliyopanda. Masaa hayo ndiyo mepesi. Mama mwenye watoto wadogo huchoka kabla hajafika getini pale stesheni, halafu huchoka tena akishafika kwa mwenyeji. Katikati hapo, kwenye kiti, anapumzika. Kwa hiyo nitasema mengi kuhusu Ijumaa usiku, mlango wa stesheni na sebule ya watu, na machache kuhusu reli.

Mimi naishi Tabata. Nina wa darasa la kwanza, nina wa miaka mitatu ambaye hajawahi kuelewa neno "subiri", na nina wa kunyonya. Shoga yangu niliyefundisha naye shule moja alimfuata mumewe Dodoma wizara zilipohamia huko, na sasa anakaa Nzuguni. Enzi za basi tulikuwa tunaonana kwenye misiba na harusi tu. Kilomita zaidi ya 400, kutwa nzima barabarani, mmoja anatapika Chalinze, mwingine anabanwa mkojo wakati basi limeshatoka stendi ya Msamvu, Morogoro: nani afanye hivyo kwa ajili ya kulala usiku mmoja? Tangu treni ianze kufika Dodoma Julai 2024, kwenda Jumamosi na kurudi Jumapili limekuwa jambo la watu wenye akili timamu.

Tiketi na saa ya kuondoka

Kata mapema, hasa kama ni mwisho wa mwezi, sikukuu au shule zinakaribia kufungua. Unaingia kwenye mtandao wa Shirika la Reli (TRC), unajaza majina, unapewa kontroo namba, unalipa kwa simu. Majina yaandikwe kama yalivyo kwenye kitambulisho. Kama NIDA yako ina majina matatu na mtaani unajulikana kwa moja, hilo la mtaani liache mtaani. Tiketi za familia nzima zikatwe kwa mkupuo mmoja. Ukikata yako leo na ya baba watoto kesho, mtakaa mabehewa tofauti, na wa miaka mitatu atapita njia nzima akienda na kurudi kama kondakta.

Nauli zilizotangazwa na LATRA, wadhibiti wa usafiri wa ardhini, mwaka 2024 kwa treni ya kawaida, daraja la kawaida, ni shilingi 31,000 kwa mtu mzima. Mtoto wa miaka minne hadi 12 analipa nusu, yaani 15,500, na wa chini ya miaka minne halipi. Kwa nyumba yangu, watu wazima wawili na mtoto mmoja wa nusu nauli, ni 77,500 kwenda na 155,000 kwenda na kurudi. Treni ya haraka na madaraja ya juu yana bei zake, tena zimechangamka.

Asiyelipiwa nauli mhesabu kuwa hana kiti. Kaa chini na baba watoto mgawane mapaja kabla ya siku yenyewe: nani anambeba nani, na mnabadilishana wapi. Sisi tunabadilishana Morogoro. Kama unasafiri peke yako na wawili wa bure, tafuta mdogo wako au binti wa dada uende naye. Nauli yake ni ndogo kuliko maumivu ya mgongo wa Jumatatu.

Beba kadi za kliniki au nakala za vyeti vya kuzaliwa. Kuna watoto wa miaka mitatu wenye miili ya miaka sita, na mimi ninaye mmoja wao. Kadi inamaliza mjadala.

Kuhusu saa, kwenda chagua treni ya asubuhi, hata kama ya jioni ina nafasi zaidi. Dirisha ndilo litakalokulelea watoto. Likishakuwa giza, huna yaya. Kurudi chagua treni itakayowafikisha Dar kabla ya usiku, maana Jumatatu ipo. Ratiba hubadilika, kwa hiyo itazame siku unayokata, usitegemee ile uliyotumiwa kwenye kundi la WhatsApp mwaka jana.

Ijumaa usiku

Kanuni yangu ya mizigo ni moja: kila mtu mzima abaki na mkono mmoja mtupu. Mkono huo ni wa mtoto. Hiyo maana yake ni mabegi ya mgongoni mawili na kapu moja la chakula, basi. Kichanga anakaa kwenye mbeleko. Kigari cha mtoto kiache nyumbani, kwani hakiingii vizuri kwenye bajaji na mwenyeji hana pa kukiweka.

Wa darasa la kwanza abebe kibegi chake mwenyewe. Ndani yake tia nguo moja ya kubadili, sweta, chupa ya maji, daftari na penseli za rangi. Akibeba cha kwake anajiona msafiri, na msafiri hasumbui kama mzigo.

Sweta usiidharau. Dar unaondoka na jasho, lakini ndani ya behewa kiyoyozi kinafanya kazi yake bila huruma, na Dodoma yenyewe mwezi wa sita na wa saba usiku una baridi ambayo mtoto wa Tabata haijui. Soksi pia. Na kanga mbili, za kufunika, kutandika, kunyonyeshea, kupangusia na kuziba jua dirishani. Ukiwa na kanga mbili umebeba nusu ya duka la vifaa vya watoto.

Nguo iliyolowa au kutapikiwa utaiweka wapi? Mifuko ya plastiki ilipigwa marufuku tangu Juni 2019, na mfuko mbadala ukilowa unachanika. Mimi nabeba kindoo kidogo chenye mfuniko, kile cha mafuta ya kupikia cha lita tatu. Kinameza nguo chafu, harufu haitoki, na tukiwa kwa watu kinageuka kuwa chombo cha kuogea kichanga. Poti ya wa miaka mitatu nayo inaingia begini, lakini hiyo ni ya kutumia nyumbani kwa mwenyeji usiku. Kwenye treni kuna choo.

Dawa ni chache tu: panadol ya maji, pakiti za ORS, kipimajoto. Fua sare za shule Ijumaa hiyo hiyo, uzipige pasi, uzitundike. Utanishukuru Jumapili.

Chakula

Hapa ndipo watu wengi huharibu. Wanabeba kama wanakwenda kijijini kwa wiki nzima, au hawabebi kitu kabisa wakitegemea wachuuzi. Wachuuzi hawapo. Madirisha ya treni hii hayafunguki, hakuna mama wa mayai wala kijana wa karanga atakayekuinulia beseni kama ilivyokuwa kwenye reli ya zamani au pale Msamvu. Huduma ya vinywaji na vitafunwa inapatikana ndani, lakini kwa watoto watatu utaimaliza nauli ya kurudi kabla ya Ngerengere.

Pika vitu vikavu, visivyonuka na visivyodondoka. Chapati zikunjwe na yai la kukaanga ndani, zikatwe vipande vya kushika mkono mmoja. Maandazi madogo. Viazi vitamu vilivyochemshwa. Ndizi mbivu, lakini zile ndogo za kisukari, maana ndizi kubwa mtoto anakula nusu na nusu nyingine unakuwa nayo wewe mpaka Dodoma. Matunda menya na ukate nyumbani, kisu usikipeleke kwenye ukaguzi. Uji wa kichanga utie kwenye chupa ya chai ya kikombe kimoja, ile nyembamba.

Wali wa nazi acha, unachacha. Samaki acha kabisa, kwa heshima ya behewa zima. Juisi pia mimi nilishaipiga marufuku. Inakuwa safari ya kwenda chooni, si ya kwenda Dodoma. Maji yanatosha.

Gawa chakula katika makopo matatu na uyafungue kwa zamu: la kwanza mkishakaa, la pili mkitoka Morogoro, la tatu ni la akiba endapo treni itachelewa, na watoto wasijue kuwa lipo. Usifungue kopo mkiwa bado mnasubiri stesheni. Mtoto akianza kula kwenye benchi, atamaliza kwenye benchi.

Kufika na kuingia

Jumamosi alfajiri barabara ni nyeupe. Kutoka Tabata sisi tunachukua bajaji mbili au taksi moja hadi mjini. Ukitokea Kimara au Mbezi, mwendokasi wa Gerezani unakushusha karibu, ila ukiwa na mabegi na watoto panda kituo cha mwanzo ili upate kiti.

Fikeni mapema kama tiketi inavyosema, kwa sababu kuna ukaguzi wa mizigo na vitambulisho, na mtoto ana kipaji cha kubanwa mkojo mbele ya mashine ya ukaguzi. Gawaneni kazi kabla ya kushuka kwenye bajaji. Baba watoto anashika simu yenye tiketi na vitambulisho vyote. Mimi nashika mikono. Nani anashika nini kusijadiliwe mlangoni, watu wako nyuma yenu wanahema.

Jengo la stesheni ni kubwa, la vioo, na ngazi za umeme kwa mtoto wa miaka mitatu ni bembea ya bure. Ukiwa na mabegi pandeni lifti. Akililia ngazi, mwahidi atazipanda siku ya kurudi akiwa hana mzigo, na ahadi hiyo uitimize. Andika namba yako ya simu kwa kalamu ya wino kwenye mkono wa kila mtoto anayetembea. Haionekani nadhifu, lakini mahali penye watu mamia ndiyo kitambulisho chake.

Kabla ya kwenda kwenye treni, wote chooni. Hata anayesema hana haja.

Ndani ya behewa

Kwenda, jitahidini kuwa upande wa kushoto. Mkikaribia Morogoro milima ya Uluguru itawatokea upande huo, na siku isiyo na mawingu mengi ni kitu cha kuzimisha simu.

Simu yenyewe niseme jambo. Siwakatazi katuni, ila hazitoki kabla ya Morogoro. Kutoka Pugu, Soga, Ruvu hadi Ngerengere kila kitu ni kipya: nyaya za umeme zinazokimbia, mabwawa, ng'ombe, mashamba ya mkonge yaliyopangwa mistari. Treni hii inakwenda hadi kilomita 160 kwa saa, na mtoto wa darasa la kwanza ukimwambia kwamba hilo basi lililoko kule mbali barabarani haliwezi kumpita, ana kazi ya saa nzima. Ukimpa katuni Pugu, utakuwa huna silaha Kilosa.

Morogoro wengine wanashuka, wengine wanapanda. Msishuke kununua kitu wala kunyoosha miguu, treni haisubiri kama basi. Huo ndio wakati wa kubadilishana mapaja, kufungua kopo la pili, na kumlaza wa miaka mitatu. Kama hakulala hapo, hatalala tena mpaka Dodoma, na Dodoma atalala saa kumi jioni na kuamka saa nne usiku akitaka kucheza.

Lakini aamshwe baada ya Kilosa, maana hapo ndipo kwenye utamu. Reli inaingia milimani kufuata bonde la mto Mkondoa, ule ule ambao kwa miaka mingi mafuriko yake yalikuwa yakiisumbua reli ya zamani kati ya Kilosa na Gulwe, na huko kuna mahandaki manne. Waambie watoto mapema, mkiwa bado nyumbani: treni itaingia ndani ya mlima, nje patakuwa giza ghafla, taa za ndani zitabaki zinawaka, halafu itatokea upande wa pili. Mtoto aliyeambiwa anahesabu mahandaki kwa kelele za furaha. Asiyeambiwa analia, na kilio ndani ya handaki hata jirani asiye na watoto anakumbuka. La refu kuliko yote lina kama kilomita moja, kwa mwendo ule ni kufumba na kufumbua. Mchezo wetu ni kushika pumzi ukiingia na kuiachia ukitoka. Mume wangu huwa anashindwa.

Ukishatoka milimani nchi inabadilika rangi. Udongo unakuwa mwekundu, miti inapungua, mibuyu inaanza. Huku Ugogoni mchezo ni kuhesabu mibuyu, na anayeuona mkubwa kuliko wote anachagua nani amtegee kitendawili. Bila ubishi hakuna mchezo, kwa hiyo usijiteue kuwa mwamuzi. Mteue baba yao.

Anza kukusanya vitu mkipita Igandu. Viatu kwanza. Kiatu kimoja huwa kimeshakwenda chini ya kiti cha mtu wa tatu.

Kwa mwenyeji

Mwambie mwenyeji ukweli wote kabla hujakata tiketi: mko wangapi, mtoto gani hali nini, nani bado anakojoa kitandani, mnafika saa ngapi na mnaondoka saa ngapi. Kusema "msijisumbue, sisi si wageni" hakumsaidii. Anachotaka kujua ni kama mchele wake unatosha na godoro lipi litandikwe mpira. Mimi huenda na shuka zangu na mpira wa godoro wangu, na shoga yangu ameshaacha kukasirika.

Usiende mikono mitupu, na peleka kile ambacho Dodoma hakipatikani kirahisi au kina bei. Nazi kavu nne tano zilizofuliwa ni zawadi ambayo mtu wa pwani aliyehamia bara ataipokea kwa machozi. Nazi ni nzito, ziende kwenye begi la baba. Korosho, visheti, halua ya Zanzibar. Watoto wake wabebee kitu chao tofauti, hata kama ni biskuti, ili wako wasipokelewe kama wavamizi.

Maji. Dodoma maji ni ya mgao sehemu nyingi, na ndoo unazoziona zimepangwa bafuni ndiyo akiba ya siku kadhaa. Wafundishe watoto wako siku hiyo hiyo mnapofika: koki ya bomba si mchezo, ndoo haiingizwi mkono, na tunaoga kwa kikombe. Mwenyeji hatasema, ila anaona.

Na msijipangie ziara. Watu wanafika na orodha: Nyerere Square, Chinangali Park, Mji wa Serikali kule Mtumba, shamba la zabibu, Msikiti wa Gaddafi. Mna mchana mmoja na jioni moja. Chagueni kimoja. Sisi tukitoka tunakwenda Chinangali Jumamosi jua likipungua, watoto wote wakimbie mpaka wachoke, kisha turudi nyumbani tukae uani. Nilikuja kumwona mtu. Saa mbili za kukaa kwenye mkeka na kuchambua mlenda huku tunaongea, watoto wakigombania baiskeli moja, ndizo nilizolipia 155,000. Wakigombana, kila mama amkemee wa kwake.

Saidia kazi bila kuomba ruhusa kila mara. Osha vyombo, fagia, lakini jikoni usibadilishe mpangilio wa mtu. Jumapili asubuhi toa shuka zako, kunja, pakia kabla ya chai. Mkiaga, wape watoto wake hela ya soda mkononi, na mwenyeji mwachie "ya mboga" chini ya sahani atakayoiona mkishaondoka. Ukimpa uso kwa uso mtavutana mlangoni mpaka treni iwaache.

Kurudi

Ukiwa msimu wa zabibu, nunua, lakini uziweke kwenye kopo gumu. Ndani ya mfuko laini, chini ya miguu ya watoto watatu, utafika Dar na mvinyo. Ubuyu na karanga havina shida hiyo. Kile kindoo cha nguo chafu kifunge vizuri na kikae mbali na zabibu.

Watoto siku ya kurudi hawana hamu ya dirisha, wameshaliona. Hapo katuni ziruhusiwe kuanzia mwanzo, kwa spika za masikioni, na nyinyi wazazi mlale kwa zamu. Waoge kabla ya kuondoka Nzuguni na wavae nguo wanazoweza kulalia. Wakifika nyumbani wamelala, wanahamishwa tu.

Mkifika Dar msikimbilie mlango. Waacheni wenye haraka watoke, kisha hesabu watoto, hesabu mabegi, tazama chini ya viti, halafu mshuke. Ile ahadi ya ngazi za umeme itadaiwa hapa. Bajaji za nje ya geti huomba bei ya msafiri mchovu. Agizeni kwa simu mkiwa bado ndani, au tembeeni kidogo mpaka barabarani. Na kama mnakaa Gongo la Mboto, Ukonga au Chanika, angalieni wakati wa kukata tiketi kama treni yenu inasimama Pugu. Mkishukia pale hamtakuwa na haja ya kwenda mjini na kurudi kwenye foleni ya Barabara ya Nyerere na watoto waliolala.